Goti Lililopendeza kwenye Picha

Wateja walimwita Mama Mapazia, jina ambalo yeye mwenyewe hakulipenda hata kidogo. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameshonea mapazia watu ambao, kwa maoni yake, walistahili kubandika magazeti madirishani. Aliwajua wote kwa madirisha yao. Kuna waliotaka kitambaa kizito cha zambarau ili wapita njia wadhani ndani kuna mali. Kuna waliompigia simu mara nne kwa ajili ya pindo la sentimita mbili. Na kuna yule mkuu wa shule aliyepima dirisha kwa shubiri zake mwenyewe, akaleta vipimo kwenye kikaratasi, kisha akaja juu kwamba pazia limekuwa fupi. Mama Mapazia aliwasikiliza akiwa amebana pini kati ya midomo, na pini hizo zilimwokoa na ugomvi mwingi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupiga magoti. Kitambaa cha mita nane hakienei mezani; hutandazwa sakafuni, fundi akapanda juu yake na chaki, rula ndefu na mkasi, akajiburuta kutoka ncha hadi ncha. Chumba chake cha kazi kilikuwa upande wa nyuma wa nyumba, chenye sakafu ya saruji iliyong'arishwa na sketi zake.

Lakini maumivu yake hayakuanzia magotini. Yalianza mabegani, miaka kumi na sita nyuma, baada ya homa ya kawaida kabisa. Homa ikaenda zake, maumivu yakabaki. Yakashuka mgongoni, yakaingia nyongani na viganjani, yakapanda hadi kwenye ngozi ya kichwa, ikawa hata kuchana nywele ni adhabu. Alilala saa tisa nzima akaamka kama mtu aliyebeba mizigo. Alipimwa damu, mkojo, moyo na kila kitu kinachopimika. Daktari wa kwanza alisema ni umri. Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na miwili. Wa pili alisema ni uzito. Wa tatu, kijana mwenye saa kubwa kuliko mkono wake, alimuuliza kwa sauti ya upole kama nyumbani kuna amani. Wa nne alimwandikia vitamini, akamwambia ajaribu kucheka.

Ilipita miaka tisa hadi alipompata daktari mmoja mwanamke, aliyekaribia kustaafu na asiyekuwa na haraka na mtu. Huyo alimbonyeza shingo, mabega, nyonga na magoti, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia ugonjwa wake una jina. Mishipa yake ya fahamu, alisema, inapiga kelele kupita kiasi, na ubongo unaziamini kelele zote. Ugonjwa wenyewe hauui, lakini pia hauponi, unatulizwa tu. Mama Mapazia alilia mbele yake, mara ya kwanza na ya mwisho kulia mbele ya daktari. Miezi mitano baadaye mama yule akastaafu, naye akaachiwa wale wengine.

Ndipo dharau ilipomkaa. Hakuzaliwa nayo. Ilimjia kidogo kidogo, kila alipoketi kwenye benchi la hospitali na kurudi nyumbani na pakiti ya vidonge na ushauri wa kipuuzi, mpaka ikawa ndiyo inayomwamsha asubuhi. Aliwadharau madaktari kwa sababu hawakujua na hawakukubali kwamba hawajui. Aliwadharau majirani kwa dawa zao za kuchua. Zaidi ya wote alimdharau wifi yake, dada wa mumewe, ambaye aliamini kwamba ugonjwa usioonekana kwenye kipimo ni uvivu uliosoma.

"Wifi, leo naona umechangamka," wifi alisema kila alipomkuta amesimama. "Si juzi ulisema hata kikombe huwezi kuinua?"

"Juzi ilikuwa juzi, wifi."

"Maumivu ya ajabu hayo. Yanachagua siku."

Mumewe, karani mstaafu wa posta, alikuwa mtu mwema ambaye suluhisho lake kwa kila jambo lilikuwa kuchemsha maji. Dada yake akianza, yeye huinuka akaenda kubandika birika. Mama Mapazia alimpenda, na kwa birika hilo alimdharau kidogo.

Goti la kulia lilipoanza, alijua mara moja kwamba hili ni jambo jingine. Maumivu yake ya zamani yalikuwa ya moto, yakizunguka mwilini bila anwani. Haya yalikaa mahali pamoja na yalikuwa na sauti: krr, krr, kila akipanda ngazi. Katika mwaka wa pili alikuwa akishuka kitandani kwa kushika ukuta, na kitambaa alikikata akiwa amekalia paja moja. Picha ya eksirei ilionyesha gegedu limekwisha, mfupa unasagana na mfupa. Akapelekwa kwa daktari bingwa wa mifupa.

Bingwa alikuwa na chumba chenye kiyoyozi na, juu ya meza, goti la plastiki ambalo alilikunja na kulikunjua muda wote alipokuwa akiongea, kama mtu anayechezea funguo. Dirishani kwake palikuwa na mapazia ya kununuliwa tayari, mikunjo imepishana, upande mmoja umezidi mwingine kwa vidole vitatu. Mama Mapazia alishindwa kuyaondolea macho.

"Tunaondoa hiki, tunaweka hiki," alisema bingwa. "Saa moja na nusu. Utakuwa mtu mpya, mama."

"Daktari, mimi naumwa mwili mzima. Nina ugonjwa wa maumivu, nina miaka kumi na sita nao, na niliambiwa mishipa ya..."

"Tuongelee goti kwanza, mama. Mimi ni mtu wa magoti."

"Goti si liko kwenye mwili?"

Bingwa alicheka, akadhani ni utani. Kwenye fomu, mahali palipoandikwa *magonjwa mengine*, muuguzi alijaza maneno mawili: *mwili kuuma*. Miaka kumi na sita ikaenea kwenye nusu mstari.

Angeweza kuondoka siku ile. Kilichomkubalisha ni shemeji yake, mume wa wifi, ambaye mwaka uliotangulia alibadilishiwa goti na bingwa huyohuyo. Shemeji alikuwa muuza betri za magari, mnene, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Wiki ya sita alipanda ngazi za jengo la ghorofa tano ili tu awape watu habari. Tangu hapo hakuna aliyeingia kwake akatoka bila kuonyeshwa kovu. Alikunja suruali hata mbele ya msoma mita. Mama Mapazia alimtazama akiinama na kuinuka kama mwenye springi miguuni, akasema moyoni: kama mjinga huyu ameweza, mimi nitashindwaje?

Walimchoma ganzi ya mgongoni, wakamwekea shuka la kijani kifuani asione. Hakuona, lakini alisikia. Alisikia msumeno, kisha nyundo, tena nyundo ya kweli inayopiga mfupa wake, na juu ya nyundo sauti ya bingwa akimsimulia msaidizi wake habari za matairi aliyouziwa. Mama Mapazia aliwakumbuka mafundi wanaotoboa kuta kufunga reli za mapazia. Hata wale, alijisemea, hutandika gazeti chini kwanza na kumwomba mwenye nyumba radhi kwa makelele.

Ganzi ilipokwisha, alijua maana ya maumivu ambayo alikuwa hajawahi kukutana nayo. Alipewa dawa kipimo kile walichopewa wengine wote wodini, kana kwamba mwili wake ni sawa na miili yao. Siku ya pili akasimamishwa. Mguu mzima uliwaka, na mwili wote ukaitikia: mabega, shingo, viganja, hata taya.

"Mwenzako wa kitanda cha pili ameshafika mlangoni," muuguzi alimwambia.

"Mpe hongera zangu," alijibu huku jasho likimtiririka.

Wiki ya sita bingwa alibandika picha kwenye kioo chenye mwanga, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama vizuri. "Ona hapa! Limekaa sawasawa. Hii naweza kufundishia."

"Naumwa, daktari. Silali."

"Lakini picha ni safi kabisa."

"Kwani anayeumwa ni picha?"

Mwezi wa tatu ikawa vilevile. Bingwa alisema goti halina tatizo lolote. "Basi tatizo ni mimi," alisema Mama Mapazia, akimtegea. Bingwa akaingia mzimamzima: "Wakati mwingine, mama, ni suala la mtazamo. Shemeji yako yule, baada ya wiki sita..." Hakumalizia. Mgonjwa alishachukua magongo yake na kutoka, akiwa ameacha mlango wazi makusudi ili baridi ya kiyoyozi imtoroke.

Kulikuwa na mtu mwingine pia aliyeingia kwenye orodha ya dharau, na hili Mama Mapazia hakulisimulia kwa fahari baadaye. Hospitalini palikuwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mfupi wa miaka thelathini na kitu, mwenye raba kuukuu na uso usiojua kubembeleza. Mara ya kwanza alimpa karatasi yenye picha za mtu anayekunja mguu, akamwambia afanye mara tatu kwa siku. Mama Mapazia aliitazama karatasi, akamtazama mtoaji, akaona ni vitamini tu kwa sura nyingine. Nyumbani karatasi ikaenda kukinga chupa ya mafuta ya cherehani. Kwa wiki tano hakukunja kitu. Mumewe alipouliza kwa woga, "Mama, mazoezi vipi?" alimjibu, "Kachemshe maji."

Aliporudi, yule mwanamke alimlaza, akaweka kipimapembe chake kirefu kwenye goti.

"Mara ya mwisho lilikunja digrii sabini. Leo sabini na mbili. Hukufanya."

"Nilifanya."

"Hukufanya, mama. Ungefanya lingekuwa limevuka tisini. Sitaki kugombana, nina watu kumi na wanne leo. Likiendelea hivi watakulaza tena wakukunje kwa nguvu ukiwa usingizini. Niambie tu kwa nini hukufanya."

"Kwa sababu linauma."

"Linauma vipi?"

Mama Mapazia alifungua kinywa kutoa jibu la mkato, akagundua hana. Katika miaka yote ile alikuwa ameulizwa *wapi* na *tangu lini*, ameulizwa achague namba kati ya sifuri na kumi. *Vipi*, ni yule daktari mstaafu tu aliyewahi kuuliza. Alianza kwa kinyongo, akaendelea, na dakika kumi zikapita akiwa bado anaeleza: moto unaotambaa, ngozi isiyotaka hata shuka, siku mbili za kulipa kila akijitahidi siku moja. Mwanamke aliandika. Wagonjwa kumi na watatu wakasubiri.

"Sasa nisikilize," alisema alipomaliza. "Watu wenye maumivu ya mwili mzima wakibadilishiwa goti, wengi hupata nafuu, lakini mara nyingi ni ndogo kuliko ya wengine, na huja polepole. Wapo ambao maumivu hubaki. Wanahitaji mpango wao wa dawa na mpango wao wa mazoezi. Ulitakiwa uambiwe hivyo kabla hujalala pale mezani."

"Wewe unalijua hilo?"

"Ninalijua."

"Na yeye analijua?"

Mwanamke alikifunga kipimapembe taratibu. "Nafasi ya kulijua anayo."

Ndilo jibu la kwanza la hospitali lililomfurahisha.

"Mishipa yako," mwanamke aliendelea, "tuseme ni kama pazia ambalo..."

"Ukinifananishia na pazia naondoka! Kila mtu akisikia kazi yangu ananiletea pazia. Sema mshipa ni mshipa."

Hapo yule mwanamke alicheka, kicheko kifupi cha puani, na kazi ikaanza.

Hayakuwa mazoezi ya shemeji. Yalikuwa madogo, ya kuudhi, mara tano kwa siku badala ya tatu, na amri ya kuacha kabla mwili haujaanza kelele badala ya baada. Yule mwanamke alimwandikia bingwa barua ya kuomba dawa zibadilishwe. Barua ya kwanza haikujibiwa, ya pili akaipeleka mwenyewe mkononi, na dawa zikabadilishwa. Usingizi ukarudi nusu. Goti likafika tisini, likakwama, likafika mia moja na tano. Mwezi wa nane Mama Mapazia alipanda ngazi za benki bila gongo, akafika juu, akasimama kusikiliza. Ile krr, krr haikuwepo. Moto wa zamani ulikuwepo palepale, mabegani na viganjani na kuzunguka kovu. Lakini kile kisu cha mfupa juu ya mfupa kilikuwa kimeondoka, na ilimbidi akiri hivyo, na kukiri kulimchoma. Kilichomchoma zaidi ni zile wiki tano. Hizo hakunyang'anywa na bingwa wala wifi. Alizitupa mwenyewe, kwa kumdharau mtu ambaye hakumpa hata nafasi ya kumkosea. Jioni ile alimwambia mumewe, akiwa amegeukia ukutani, "Nilikuwa mpumbavu." Mumewe alitaka kuinuka kwenda jikoni, akajizuia, akabaki ameketi.

Ni mume huyo aliyempa tena kazi yake. Kupiga magoti hakuweza tena. Goti la chuma halipendi sakafu. Kwa wiki mbili kulisikika misumari nyuma ya nyumba, na siku moja chumba cha kazi kikawa na meza ndefu ya kukatia, iliyoungwa kwa milango miwili ya zamani, imefika kiunoni pake barabara. Upande mmoja uliinama. Mama Mapazia aliona, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema.

Kisha bingwa akapiga simu. Hospitali ilikuwa imeanzisha darasa la watu wanaosubiri kubadilishiwa magoti, na alitaka wagonjwa wawili waliofanikiwa waje watoe ushuhuda. "Nimekuchagua wewe na ndugu yako," alisema. "Picha yako ni nzuri mno." Mama Mapazia alikubali haraka hata bingwa mwenyewe akashangaa.

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na watu kama ishirini na watano, fimbo zikiegemea kuta. Shemeji alitangulia. Alikunja suruali, akachuchumaa, akainuka, akachuchumaa tena, watu wakapiga makofi, wifi mstari wa mbele akipiga kuliko wote. Na yote yalikuwa kweli. Hilo ndilo lililomkera Mama Mapazia. Mtu yule alipona kabisa, na alistahili kufurahi, hata kama furaha yake ilikuwa na kelele za mnada.

Picha ya goti lake ikawashwa ukutani, kubwa kama mlango. Akasimama pembeni yake.

"Hilo ndilo goti langu," alisema. "Ni zuri sana. Daktari amelifanyia kazi safi, na mfupa hausagani tena. Nilidhani nitaamka mzima. Sikuamka mzima. Nina ugonjwa wa maumivu wa miaka mingi, nilimwambia daktari, akaniambia yeye ni mtu wa magoti."

Mtu mmoja alicheka, akaona hakuna anayemfuata, akanyamaza. Bingwa alisogea mbele. "Mama alikuwa na changamoto kidogo za..."

"Sijamaliza, daktari. Wewe ulikuwa na saa moja na nusu na nyundo, mimi naomba dakika tano."

Nyuma kabisa alisimama mwanamke mwembamba aliyevaa sare ya mpishi wa kantini. Alisema kwamba naye anaumwa kila mahali, miaka kumi na moja sasa, na kwamba kwake wanamwita Mama Visingizio. "Dada, niambie ukweli. Ungerudi nyuma, ungefanya tena?"

Mama Mapazia alitazama mstari wa mbele. Wifi alikuwa akimtazama kwa macho ya kungoja kosa.

"Ningefanya," alisema. "Lakini ningefanya nikijua. Muulize huyu hapa kabla hujasaini: watu kama mimi wanapata nafuu kiasi gani, kwa muda gani, na dawa zetu zitakuwaje siku ya kwanza. Kama hajui, asikuguse hadi ajue. Na yule mfupi mwenye raba pale mlangoni, akikwambia kunja, kunja. Mimi nilijifanya najua kuliko yeye, likanigharimu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke wa kantini alikaa akaandika kwenye kiganja. Wakitoka, wifi alimshika kiwiko. "Umemwaibisha daktari wa watu."

"Bado ana goti la plastiki la kumfariji," alisema Mama Mapazia, akashuka ngazi taratibu, upande wenye kishikio.

Bingwa hakumpigia tena. Lakini miezi miwili baadaye mtaalamu wa mazoezi alimwonyesha fomu mpya: ukurasa mzima wa maswali kuhusu maumivu mengine ya mwili, usingizi, na dawa, wa kujazwa kabla ya tarehe ya upasuaji kupangwa. Neno *maumivu* lilikuwa limekosewa mara mbili. Mama Mapazia aliomba kalamu, akasahihisha, akairudisha. Shukrani hakuzipata, na hakuzitarajia kutoka kwa mtu mwenye mapazia kama yale.

Mwanamke wa kantini alifanyiwa upasuaji mwaka uliofuata, baada ya kupangiwa dawa zake kwanza. Wiki ya tatu alimpigia Mama Mapazia, akalalamika mfululizo: linawaka, halilali, shuka linamchoma, mume anasema anazidisha, jirani kamletea vitamini. Mama Mapazia alibana simu kwa bega, akaendelea kupitisha bitana chini ya sindano, akiitikia "enhe" na "najua" na "mpumbavu huyo". Bega lenyewe lilimuuma. Alisikiliza hadi mwenzake akaishiwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, dada."

"Leo umekunja mara ngapi?"

"Leo... bado, dada."

"Kata simu ukakunje," alisema Mama Mapazia. "Ukimaliza, nipigie uendelee kulalamika."